Upande wa Dirishani

Muuguzi alifunua shuka, akamsogeza mgonjwa kidogo, akainama, akanyamaza. Bi Mdogo hakuupenda ukimya ule hata kidogo.

"Mbona mzima tu," alisema. "Namwogesha asubuhi, namwogesha jioni. Nampaka mafuta. Hebu mnuse, kama ananuka niambie."

"Sijasema ananuka, mama."

"Basi sema ulichokiona."

Muuguzi, binti mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliushika mkono wa Bi Mdogo kama anavyoshikwa mtoto anayefundishwa kuandika, akauweka kwenye nyonga ya kulia ya mgonjwa, ile aliyokuwa akiilalia. Ngozi pale ilikuwa imekolea weusi kuliko kwingine. Ilikuwa ngumu, na ilikuwa na moto.

"Unasikia hilo joto?" muuguzi aliuliza. "Ngozi nyeusi haisemi mapema, lazima uishike. Hapa mfupa umebana nyama, damu haipiti. Juu pamefunga, ndani panaanza kufa. Tukichelewa panafunguka, na kikifunguka kidonda hicho mnaona mpaka mfupa."

"Mimi nilipaona siku nyingi. Ndiyo maana nachua hapo kwa mafuta. Nachua hasa, mpaka mkono unaniuma."

"Ndivyo unavyozidi kuichana hiyo nyama. Usichue tena. Na kwa nini analala upande huu tu? Ule wa pili una ubaya gani?"

Bi Mdogo alitupa jicho dirishani. Tusidanganyane, jibu lilikuwa pale dirishani, na kila mwenye macho aliliona: cherehani yake, kiti chake, na rundo la foronya alizokuwa akishona kwa watu. Mumewe alikuwa fundi wa magodoro. Kwa miaka yote ya ndoa yao macho ya Fundi yalikuwa kwenye pamba, sindano na wateja, na jioni yakirudi nyumbani yamechoka. Kisha kiharusi kikaja, kikachukua mkono na mguu wa kushoto na maneno karibu yote, kikamwachia "maji" na "ehe". Bi Mdogo alilia kama wanavyolia wengine. Halafu akamlaza kwa ubavu wa kulia, uso dirishani, akakaa kushona, na alipoinua kichwa akakuta anatazamwa. Kutwa anatazamwa! Hata alipokuwa mwari hakuwahi kutazamwa hivyo. Upande wa pili palikuwa na ukuta. Nani amgeuzie mumewe ukutani kama mtu aliyesusiwa?

"Godoro lenyewe zuri," alijitetea. "Kalijaza kwa mikono yake."

"Godoro zuri halimgeuzi mtu," muuguzi alisema. "Siku hizi za mwanzo asilalie hapa kabisa. Pakipoa, mnapokezana: ubavu huu, chali kidogo, ubavu ule, kila baada ya masaa mawili. Mto katikati ya magoti, mwingine chini ya miguu visigino visiguse kitu. Mnamnyanyua kwa shuka, msimburute. Shuka lisiwe na mkunjo, asilale kwenye unyevu, ale vizuri, na kila siku mumkague mwili mzima kama mnatafuta utitiri. Na msifiche kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Mlangoni alisimama dereva, mtoto wa Fundi, ambaye ndiye aliyemfuata muuguzi zahanati na kumleta. Alikuwa amekwisha kuvaa viatu vya safari, na lori lake lilikuwa likisubiri barabarani. Alikuwa ndiye mwenye kuhudumia ile nyumba, kwa hiyo alikohoa kama mwenye nyumba.

"Mama mdogo, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini hapo pakifunguka, baba namhamisha."

"Unamhamishia wapi?"

"Kwa mama."

"Mama yupi?"

"Mama mzazi, mama mdogo. Ninaye mmoja." Akatazama viatu vyake. "Na kuanzia kesho atakuwa anakuja kukusaidia kumnyanyua. Peke yako huwezi."

Bi Mdogo hakuwa mdogo tena. Magoti yake yalilia kila alipochuchumaa, na chini ya kitambaa cha kichwa hapakuwa na unywele mweusi hata wa dawa. Lakini aliolewa mke wa pili, na mtaa ukishakupa jina haukupokonyi. Sasa aliposikia kwamba Bi Mkubwa, aliyeomba talaka yake mwenyewe akasema "mimi sigawani mto na mtu", anarudi kwa mlango wa mbele kuja kumshika mume wake mwilini, alilivuta shuka lililokuwa limekwisha kunyooka. Alimpenda yule mzee. Hakuwa na mtoto, hakuwa na ndugu wa karibu, alikuwa na yeye tu. Na sasa baka moja la ukubwa wa kifuniko cha soda lingeweza kumnyang'anya.

"Aje," alisema. "Mimi nani nikatae?"

Bi Mkubwa alikuja na ndala zake mwenyewe kwenye mfuko, kana kwamba sakafu ya pale ingemwambukiza. Alikuwa mrefu, mkavu, na ulimi wake haukuwahi kuzeeka.

"Hodi. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Karibu. Anaendelea kama ulivyomwacha," Bi Mdogo akasema.

"Nilimwacha anatembea."

Hapo ndipo vita vilipoanza, na vilianza kwa adabu, kama vinavyoanza vita vyote vya wanawake wawili waliomjua mwanamume mmoja. Bi Mkubwa alitazama kitanda kilivyobanwa ukutani, akatikisa kichwa, akakishika upande wa miguuni. "Nisaidie tukivute katikati. Upande ule nikae wapi, ndani ya tofali?" Wakavuta. Upande wa pili wa kitanda, palipokuwa na ukuta, sasa pakawa na uchochoro, na kwenye uchochoro Bi Mkubwa akaweka kigoda.

Walimwogesha pamoja. Bi Mkubwa aliitazama sabuni. "Ndiyo mnayotumia hii?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Kuna nini?"

"Hakuna. Zamani alikuwa haipendi. Ilikuwa inamwasha." Akasuuza kitambaa, akakipitisha mgongoni mwa mzee taratibu, na kidole kikasimama juu ya kovu refu lililopita chini ya bega. Akacheka kwa pua. "Na hili bado lipo! Nilikuwa na mimba ya huyu dereva. Alianguka kutoka juu ya mkokoteni wa pamba, akachanwa na msumari, akalia kama mtoto. Usiku mzima nikampulizia."

Bi Mdogo alikaza macho kwenye beseni. Yeye aliambiwa kwamba kovu lile ni la kisu, cha mwizi aliyemvamia Fundi dukani, na Fundi akampiga mwizi yule mpaka akakimbia bila viatu. Miaka yote ile alikuwa amelala akilipapasa kovu la shujaa, kumbe la mkokoteni! Alitamani kumuuliza mzee palepale, lakini mzee angejibu nini? Ehe?

"Ninalijua," alisema. "Alinihadithia."

Wakamkausha, hasa kwenye mikunjo. Kisha wakamnyanyua kwa shuka, wakamlaza ubavu wa kushoto, upande wa kigoda. Mto magotini, mto mgongoni, visigino hewani. Fundi akafumbua macho, akamkuta mbele yake mwanamke ambaye hakuwa amemwona kwa ukaribu ule tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alimtazama sana. Halafu upande mzima wa mdomo wake ukapanda juu, akatabasamu.

Bi Mdogo alirudi kwenye cherehani akashona foronya kutoka kona mpaka kona. Alipomaliza alikuta ameiziba mdomo.

Siku za mwanzo zilikuwa siku za Bi Mkubwa. Chali, ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kushoto, na Bi Mdogo akikaa dirishani kutazama mgongo wenye kovu la mkokoteni. Baka lilipopoa na ngozi kulainika, alikuwa wa kwanza kuligundua, maana alikuwa akilishika kila mara kama mtu anayepapasa embe aone kama limeiva.

"Pamepoa," alitangaza. "Sasa apokezane pande. Muuguzi alisema."

"Alisema. Sikatai."

Lo, mtaa uliona mambo! Bi Mkubwa akitoka kwenda uani kumwaga maji, akirudi anamkuta mzee kesha geuzwa dirishani, mito yote mahali pake. Anaketi kigodani. Bi Mdogo akienda kupeleka foronya kwa mwenyewe, akirudi anakuta mzee yuko upande wa kigoda, analishwa uji kwa kijiko na kufutwa kidevu. Anavua viatu, anangoja uji ushuke, halafu anashika shuka.

"Muda umefika."

"Mbona mapema?"

"Umefika bwana, jua limetoka dirishani."

"Jua lenu hapa linatembea upesi."

Jirani muuza mkaa, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, alikaa akatazama mambo yale mpaka akashindwa kujizuia. "Nyie mnamgeuza kama samaki kikaangoni! Ataiva huyu."

Fundi naye alikuwa akipelekwa huku na huku bila neno, macho yakihama kutoka kwa mke mpaka kwa mtalaka, na pengine moyoni alicheka, nani ajuaye. Wakati wa afya yake kila aliyenunua godoro kwake aliondoka na onyo lile lile: "Ligeuze. Ukilipenda upande mmoja, utaliua." Wateja walicheka, wakaenda nyumbani, wakalala upande mmoja.

Muuguzi alipopita alimkagua mzee kisigino hadi kisogo. Nyonga, mabega, vifundo, mfupa wa chini ya mgongo, hata nyuma ya masikio. Akasimama, akashika kiuno.

"Ngozi ya mtoto! Nani kaifanya kazi hii?"

"Mimi," walisema wote wawili kwa pamoja, kisha kila mmoja akatazama kwingine.

Waswahili wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wivu nao hivyohivyo, tena huo ni kikohozi cha kifua kizima. Ulipasuka siku moja mchana, kwa jambo dogo.

Bi Mkubwa alikuwa kwenye kigoda chake, anamkata mzee kucha, anamsimulia mambo ya kale: mteja fulani mnene aliyekuja dukani kujaribu godoro, akalala usingizi hapohapo akakoroma mpaka kufunga duka, nao wakamwacha ndani wakaondoka na ufunguo. Alikuwa anasimulia vizuri, akiigiza hata kukoroma kwenyewe. Na Fundi akacheka. Si tabasamu, kicheko, kicheko chenye sauti, kilichotoka tumboni na kuishia na kikohozi. Tangu kiharusi hakuwa amecheka.

Cherehani ilinyamaza.

"Umefurahi sasa?" Bi Mdogo alisema.

"Nimefanya nini tena?"

"Unakuja kwenye nyumba ya watu, unakaa karibu na mume wa mtu, unamchekesha. Ulimtupa mwenyewe! Kwa mdomo wako uliomba talaka. Leo umeona kalala, hana ujanja wa kukukimbia, umekuja kuokota ulichokitupa."

Bi Mkubwa alimaliza ukucha aliokuwa akiukata. Akafunga mkasi. "Mimi nimeitwa na mwanangu."

"Mwanao, mwanao! Kila siku mwanao! Najua sina. Unataka nikwambie mara ngapi kwamba sina? Unangoja ngozi ichubuke kidogo tu umbebe. Mchana unanisaidia, usiku unaniombea kidonda."

Hapo alivuka mpaka, na mwenyewe alijua, lakini neno likishatoka halirudi kinywani. Bi Mkubwa alisimama. Alivua ndala zake za mle ndani, akazipiga moja kwa nyingine kukung'uta vumbi, akazitia kwenye mfuko.

"Mavi ya kale hayanuki, mimi nilidhani hivyo," alisema. "Haya. Mume wako huyo. Mtazame mpaka macho yakuume."

Akaondoka. Kigoda kikabaki.

Usiulize furaha ya Bi Mdogo siku ile. Alifagia uchochoro, akafua shuka zilizokuwa safi, akamgeuza mzee dirishani, akashona huku akiimba kwa sauti yake mbovu. Kila alipoinua kichwa, yale macho yalikuwa yake. Dereva alikuwa safarini na angerudi mwisho wa juma lililofuata. Mambo yalikuwa yamenyooka.

Na alimgeuza, msimwonee. Muda ulipofika alishika shuka, akamnyanyua peke yake huku magoti yakilia, akamlaza ubavu wa kushoto, akapanga mito. Lakini Fundi akifumbua macho upande ule alikiona kigoda kitupu. Alikitazama, kisha akatazama mlango, kisha kigoda tena. Akaanza kuguna. "Ehe," akasema, kama mtu anayeuliza. "Ehe?"

"Hayupo," Bi Mdogo akasema. "Kaenda kwake."

"Ehe?"

Nani angevumilia? Alimrudisha dirishani upesi kuliko alivyopaswa. Mara nyingine alikiondoa kigoda, na mzee akakitafuta. Akakirudisha, ikawa vilevile. Polepole, bila kuamua, akaanza kusema moyoni kwamba upande ule haumpendezi mgonjwa, unamnyima raha, na mgonjwa ni raha kwanza. Ule ubavu wa kushoto ukawa wa dakika chache, kisha wa kupangusa mgongo tu. Na kukagua je? Alikagua mabega, akakagua visigino. Nyonga ya kulia aliipitia juu juu kwa kitambaa, macho yakiwa kwenye beseni.

Mpaka siku alipohisi kitu kikiteleza chini ya kitambaa. Akainama. Baka lilikuwa limerudi, pana kuliko la kwanza, na katikati yake lilikuwapo lengelenge lenye maji, limevimba, linang'aa.

Bi Mdogo aliketi chini sakafuni, beseni kando yake. Alijiona tayari yuko peke yake mle ndani, na kitanda kitupu katikati ya chumba, na wanaume wa lori wakimbeba mzee kwa shuka lile lile. Kilichomjia kwanza kichwani si dawa. Ni poda. Ungeweza kupaka poda, ukavuta shuka, ukasema amelala tu, msimsumbue. Dereva hakai. Alikwenda mpaka kwenye rafu akaitwaa kopo.

"Hodi wenyewe! Fundi yupo?"

Alikuwa mwanamume asiyemfahamu, amebeba godoro kichwani, jasho linamtoka. Alikuwa ametoka mbali na hakuwa na habari za ugonjwa. Alilitua godoro mlangoni, na hapo likajionyesha lenyewe: upande mmoja limedidimia kama bonde, kitambaa kimechanika, pamba imegeuka mabonge meusi. Upande wa pili lilikuwa jipya kabisa.

"Kosa si lake, mama, ni langu," yule bwana alisema akijifuta. "Aliniambia niligeuze. Mimi nikasema nimezoea kulala hapa karibu na ukuta, nitaligeuza kesho. Sasa naweza kupata nafuu, au ndiyo limekufa?"

Bi Mdogo alilitazama lile bonde, kopo la poda mkononi.

"Fundi anaumwa," alisema. "Hashoni tena."

Alipoondoka yule bwana, alilirudisha kopo kwenye rafu. Akamgeuza mumewe ubavu wa kushoto. "Ehe?" mzee akasema. "Ngoja," akamjibu, "namfuata." Akamwomba muuza mkaa aje kuketi naye, akajitanda, akatoka.

Bi Mkubwa alikuwa kibarazani kwa dada yake, anapembua mchele kwenye ungo. Alimwona mgeni wake tangu kwenye kona, akaendelea kupembua.

"Shikamoo," Bi Mdogo alisema.

Miaka yote ile hakuwahi kumpa shikamoo yule mwanamke. Ungo ulisimama.

"Marahaba." Hakumkaribisha kiti. "Amekufa?"

"Hajafa."

"Basi sema."

Bi Mdogo alisimama juani kama mwanafunzi aliyechelewa. Dada wa Bi Mkubwa alichungulia dirishani, na mwingine nyuma yake, wala hawakujificha.

"Lengelenge," alisema. "Pale pale. Nimelifanya mimi. Nikimlaza upande wako anakutafuta. Haoni mtu, anaguna. Mimi roho inaniuma, namrudisha. Namrudisha kwangu anitazame mimi." Aliukaza mtandio wake. "Nilitaka kupaka poda."

Bi Mkubwa alichukua jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa. Alikuwa ametayarisha maneno mengi kwa ajili ya siku hii, mengine matamu sana, na sasa yote hayakufaa.

"Wewe unadhani ukienda kupeleka foronya zako mimi nilikuwa nangoja huo muda ufike?" alisema mwishowe. "Ulikuwa hujapita hata kwa muuza mkaa, mimi nimekwisha shika shuka. Siku moja ulisahau mkasi ukarudi, nusura unikute."

"Nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilikuona kwa dirishani. Nikasema Mungu anakuona."

Bi Mkubwa alicheka, kicheko kile cha puani. Hakikuwa cha urafiki, lakini kilikuwa kicheko. Akainuka, akampa dada yake ungo kupitia dirishani, akaingia ndani kutafuta mfuko wa ndala.

Dereva alirudi na muuguzi. Bi Mdogo hakungoja aulizwe. Alifunua shuka mwenyewe, akaonyesha kwa kidole.

"Hili nimelifanya mimi. Mwanzo nilikuwa sijui. Mara hii nilijua."

Dereva alilitazama lengelenge, na shingo yake ikavimba. "Nilisema. Mama mdogo, si nilisema? Leo hii naleta gari."

"Unampeleka wapi?" Bi Mkubwa aliuliza kutoka kwenye kigoda.

"Kwako, mama. Si tulikubaliana?"

"Mlikubaliana na nani? Mimi huyu mzee nilishamwacha mara moja, inatosha. Kwangu nalala chumba kimoja na dada, tumlaze kwenye kabati? Tena huko atageuzwa na nani nikichoka, na lori lako?" Alimgeukia muuguzi. "Binti, linapona au haliponi? Wacha kuvuta mdomo."

Muuguzi alikuwa amepiga magoti, anabonyeza pembeni kwa kidole. "Halijapasuka. Na msilipasue. Nitalifunika. Litanywea, lakini kwa sharti moja." Akamtazama Bi Mdogo, maana alikuwa ameshaielewa ile nyumba. "Ubavu huu haulaliwi tena mpaka ngozi irudi yote. Si siku mbili. Inaweza kuchukua mwezi, inaweza kuzidi. Ni chali ameegemea kidogo kushoto, na ubavu wa kushoto. Basi. Upande wa dirishani, sahau."

Chumba kizima kilimtazama Bi Mdogo. Hakulia. Aliuliza tu kama mto wa mgongoni uwe mnene au mwembamba.

Muda ulipofika, Bi Mkubwa alinyoosha mkono kwenye shuka. "Acha," Bi Mdogo akasema. "Namgeuza mimi."

Fundi alikuwa chali, amemkazia macho. Bi Mdogo aliyapokea yale macho kidogo, kama mtu anayemeza funda la mwisho la maji kabla ya safari. Kisha akavuta shuka, taratibu bila kumburuta, na uso wa mumewe ukamwacha, ukaenda kwa mwenzake. Alisikia Bi Mkubwa akisema, "Haya, umenipata," na bila kuona alijua kwamba upande mzima wa mdomo ule umepanda juu. Roho ilimuuma! Ilimuuma kama siku ya kwanza, na nani kasema ingeacha? Akapanga mto magotini. Akanyanyua visigino. Akavuta kiti chake kutoka kwenye cherehani mpaka karibu na kitanda, akaketi nyuma ya mgongo wa mumewe, uso kwa uso na kovu la mkokoteni, akaanza kushona kwa mkono.

Siku zote zile alikaa kule kwenye cherehani, na mto wa mgongoni ulimficha yote yaliyo chini ya kovu. Kwa hiyo hakuwa amewahi kuona kilichofuata. Mkono wa kulia wa Fundi, ule mzima, ambao kwa upande wa dirishani hulaliwa na mwili, ulijiinua kutoka kwenye shuka. Ukapita juu ya nyonga kwa shida, ukaja nyuma, ukaanza kupapasa hewa. Ukagusa godoro, ukagusa mto, ukaendelea kutafuta.

"Ehe?" Fundi akasema, uso wake ukiwa kwa Bi Mkubwa.

Bi Mdogo aliiweka foronya chini. Akampa mkono. Vidole vyake vikaufunga, vigumu bado, vidole vya mtu aliyeshindilia pamba maisha yake yote, na mzee akashusha pumzi, akafumba macho.

Bi Mkubwa, kwenye kigoda chake, aliuona mkono ule ulipokwenda na mahali ulipotulia. Alitazama sana. Akasogeza kigoda, akapangusa kitu kisichokuwapo kwenye shuka.

"Nadhani muda wake umefika," alisema. "Tumlaze chali."

"Bado, Bi Mkubwa," Bi Mdogo akajibu. "Bado kabisa."